Kichwa cha Tata Mbuyi na Picha Tuliyokataa Kupiga

Ninyi vijana mnaosomea kazi ya radio, mnaokuja kunisalimia kwa tabasamu la watu wanaotaka kitu, nawajua. Hamji kwa ajili ya chai yangu. Mnataka niseme kwamba ile skana mpya ni ajabu, na kwamba sisi wa zamani tulikuwa tunapapasa tu. Haya, nasema: ni ajabu. Mmoja wenu aliniingiza chumbani akanionyesha kwenye kioo kichwa cha mtu kimekatwa vipande kama mkate, na mwenye kichwa yuko nje anabishana na mwanawe kuhusu soda. Nilipiga makofi kabisa. Halafu huyo kijana akaniambia, "Mama Ngoie, sasa mutu akianza kusahabu kidogo tu, tunamuingiza humu, tunajua mapema." Nikamuuliza: munajua, na kisha? Akacheka, akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Kaeni niwaeleze, na asiyetaka kusikia aende akanywe hiyo soda.

Radio, kwa ninyi msiotoka huku, ndivyo tunavyoita eksirei hapa Kolwezi. Niliifanya katika hospitali ya Kampuni ya migodi tangu nikiwa msichana mpaka macho yangu yalipokataa. Nilipoingia hapakuwa na mwanamke mwingine katika idara ile. Wanaume wakaniambia mashine itanifunga tumbo nisizae. Nimezaa, tena watoto wanaokula sana, na baadhi ya wale wanaume walikuja baadaye kuniomba niwaajirie binti zao. Niliwajibu walivyostahili.

Aliyenifundisha ni Tata Mbuyi; tata kwetu ni baba. Mwembamba, mpole, blauzi nyeupe ya kazi imenyooshwa kwa pasi hata siku ambazo mji hauna umeme. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi mgodini, naye alizaliwa hapa hapa, kwenye kambi ya wafanyakazi nyuma ya hospitali. Kasai yenyewe hakuwahi kuiona. Alisema Kiswahili cha Kolwezi vizuri kuliko mimi niliyetoka kaskazini mwa Katanga, mkoa wetu huu, na lafudhi ambayo watu wa mji walikuwa wakiiga ili kunicheka. Yeye hakunicheka. Alinisimamisha mbele ya mgonjwa wangu wa kwanza na kunionyesha mahali pa kuweka mikono: begani si shingoni, kiunoni si tumboni, na umwambie mtu unachotaka kumfanyia kabla ya kumgusa.

Na alikuwa na swali lake. Daktari akituma mtu apigwe picha, Tata Mbuyi alimuuliza yule daktari, kwa heshima zote, "Docteur, hii picha itabadilisha nini?" Kama jibu lilikuwa "tutafunga mfupa hivi badala ya vile", sawa, alipiga. Kama jibu lilikuwa "tuone tu", alisimama pale akiwa amekunja mikono mpaka daktari aone aibu au akasirike. Wengi walikasirika. Wakati filamu zilikuwa nyingi, waliita hayo ukaidi. Filamu zilipoadimika, hao hao wakaanza kuuliza swali lake kana kwamba wamelitunga wao.

Msidhani wagonjwa walimpenda kwa hilo. Watu wetu waliamini radio ni dawa. Kulikuwa na mchimbaji mmoja kutoka Mutoshi mwenye mgongo mbovu, alikuja akavua shati, akabana kifua kwenye bamba, akafunga macho kama anayeomba. Umeme ukakatika wakati huo huo. Mashine haikutoa hata mlio. Yule baba akavaa shati, akatushukuru sana, akasema maumivu yameisha. Tata Mbuyi akamwambia, "Tata, hatuyapiga kintu." Mwenyewe akakataa kata kata: "Hapana! Mi nilisikia inapita!" Akaenda zake amenyooka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini ninyi msicheke sana, maana leo wapo wanaoingia kwenye skana na imani ile ile, na madaktari wanaowatuma wakiwa na imani ile ile.

Kisha mambo ya Kampuni yakaanza kuvunjika. Pampu kule kwenye mgodi wa Mashamba zikanyamaza moja baada ya nyingine, mshahara ukawa hadithi, na masanduku ya filamu hayakuja tena. Tulikata filamu moja vipande ndani ya chumba cha giza, tukatumia dawa ya kuoshea picha mpaka ikawa na rangi ya chai. Vumbi la Kingamyambo, kule zinakomwagwa taka za mgodi, lilipita chini ya mlango na kuacha nukta nyeupe kwenye mapafu ya kila mtu. Daktari mmoja alitaka kuwalaza watu watatu kwa ugonjwa wa vumbi letu la sakafuni.

Ilikuwa katika wakati huo Tata Mbuyi alipoanza kusahau.

Kwanza zilikuwa herufi. Kwenye filamu tunaweka herufi ya kuonyesha upande wa kulia au wa kushoto, na yeye aliziweka kinyume. Niligeuza, nikanyamaza. Kisha akasahau jina la mfupa wa bega, akauita "hii kamuti ya hapa juu", yaani kijiti. Kisha siku moja, ndani ya chumba cha giza, akawasha taa nyeupe huku sanduku la filamu liko wazi mezani. Sanduku zima likaungua kwa mwanga. Pengine lilikuwa la mwisho tulilokuwa nalo. Alilitazama, akanitazama, akauliza kwa hasira, "Nani aliwasha?" Tulikuwa mimi na yeye tu.

Nilikwenda kwa mke wake, Mama Ntumba. Nilidhani nampelekea habari. Alinisikiliza akiendelea kukanda unga wake, kisha akaniambia kwamba mume wake alikuwa tayari amekwenda mara kadhaa kulala kwenye nyumba waliyohama zamani, na wenyeji wakamrudisha. "Docteur anajua?" akaniuliza. Hilo tu ndilo lililomsumbua.

Daktari akajua. Alikuwa kijana aliyetoka masomoni karibuni, Docteur Kasongo, mtu wa moyo safi kabisa. Akaja nyumbani kwa Tata Mbuyi Jumapili baada ya misa, akakaa kwenye kochi, akasema kuna skana Afrika Kusini, na Kampuni bado inatuma wagonjwa wachache. Inaweza kuwa damu imeganda chini ya fuvu, maana Tata Mbuyi alianguka kutoka kwenye ngazi akibadilisha balbu. Hiyo inatolewa, mtu anapona. Inaweza kuwa maji. Au inaweza kuwa ubongo wenyewe unanyauka, na huo hauna dawa.

Mimi nilisema aende. Nawaambia ili mjue sikuzaliwa nikiwa mpinzani wa mashine. Nilisema aende kesho.

Mama Ntumba akafuta mikono. "Docteur, kama picha inasema bubongo inakauka, utaandika nini?"

"Nitaandika ile nimeona, mama."

"Na Kampuni itasoma?"

"Itasoma."

"Na hii nyumba?"

Sote tulijua. Nyumba ni ya Kampuni. Anayeandikwa kwamba hafai tena kwa kazi anarudisha ufunguo. Na hiyo ilikuwa miaka ambayo wakubwa walipanda majukwaani kusema watu wa Kasai warudi kwao, na kuwaita wadudu. Milango yao ilikuwa inatiwa alama ya chokaa. Mtu wa Kasai akisafiri wiki moja, akirudi anakuta dirishani mapazia ya mwingine. Sasa umpeleke Tata Mbuyi Afrika Kusini, umwache Mama Ntumba na watoto peke yao, na arudi na karatasi ya kusema kichwa chake kimeharibika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bei ya picha haiko kwenye mashine tu.

"Na kama ni damu?" nikasema. "Tutamuacha afe kwa ajili ya mapazia?"

Tukaanza kubishana, mimi na Mama Ntumba, sauti juu, mpaka mtu akapiga meza. Ni Tata Mbuyi.

"Munasemea kichwa yangu sawa vile nilisha kufa," akasema. "Ni yangu. Muniulize."

Siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia, na ninyi mtajifunza kwamba ugonjwa huu una siku kama hizo. Akamgeukia daktari na kumuuliza swali lake lile lile la kazini, picha itabadilisha nini. Docteur Kasongo, Mungu ambariki, hakudanganya. Kama ni damu, itabadilisha kila kitu. Kama ni ugonjwa wa kusahau, haitabadilisha chochote ila karatasi. Na mwanzoni mwa ugonjwa huo picha yenyewe mara nyingi haisemi wazi, maana ubongo wa mzee yeyote hunyauka kidogo.

"Pasipo skana, unaweza kutafuta kama ni damu?"

"Naweza kutafuta alama. Lakini siwezi kuwa hakika, Tata."

"Basi tafuta."

Akatafuta. Alimulika macho yake kwa kile chombo kidogo, akagonga magoti, akamtembeza kwenye mstari, akapima damu, akarudi tena na tena kuona kama kuna upande wa mwili unaolegea, au kichwa kinachouma asubuhi, au usingizi usio wa kawaida. Hakuna kilichojitokeza. Siwafichi: haikuwa hakika. Tungeweza kukosea, na kosa hilo lingemuua mtu niliyempenda kama baba. Tata Mbuyi alilijua hilo na akachagua akiwa na akili zake. Mwishowe Docteur akaja akamwambia usoni, bila kuzunguka, kwamba anaona ni ugonjwa wa kusahau na kwamba utaendelea. Tata Mbuyi akamshukuru, akatuomba tutoke, akabaki na mke wake.

Sasa msitoke hapa mbio mkasema Mama Ngoie anakataza skana. Miaka ya baadaye, mashine zilipokuwa zimesogea karibu na mpaka, kulikuwa na Tata Saidi, mwenye malori, mtu wa msikitini aliyeheshimiwa na madereva wote. Alianza kuchanganya majina, akavaa viatu kinyume, na watu wakasema ni uzee. Wanawe wakaja kwangu. Nikawauliza kama ameanguka au amegongwa. Wakakumbuka mlango wa lori uliomgonga kichwa. Niliwafokea wampeleke mara moja. Wakamvusha mpaka, skana ikaonyesha damu, ikatolewa, na yule mzee akarudi anamtukana kila dereva kwa jina lake na la baba yake. Wanawe walilia kwa furaha. Picha ile ilistahili kila kilichotumika, na angepelekwa mapema zaidi ningefurahi zaidi. Kila kichwa kina hesabu yake. Hasira yangu ni kwa anayetaka kupima vichwa vyote kwa mkupuo mmoja, kisha anaondoka na kumwachia mwenye kichwa neno la kutisha mkononi.

Narudi kwa Tata Mbuyi.

Walifukuzwa hata hivyo. Vijana wenye vitambaa kichwani walikuja kwenye ile nyumba tuliyoilinda kwa kukataa picha, wakatoa vyombo nje. Hawakuuliza karatasi yoyote ya daktari. Kwa nini wangeuliza? Jina lake la Kasai liliwatosha. Familia ikaenda kulala kwenye stesheni chini ya maturubai, pamoja na umati wa wengine waliozaliwa hapa kama yeye, kungoja treni ya kwenda kwao ambako hawakukujua. Mpaka leo nikipita pale nasikia hasira kifuani, na siombi radhi kwa hasira hiyo.

Asubuhi iliyofuata nilifungua idara, nikamkuta Tata Mbuyi mlangoni. Ametembea kutoka stesheni, kapita katikati ya mitaa ambayo watu wake walikuwa wakipigwa mawe, na hakuna aliyemgusa, labda kwa sababu alitembea kama mtu anayechelewa kazini.

"Juu ya nini blauzi yangu haiko pa musumari?" akaniuliza, akitaka kujua kwa nini haijatundikwa.

Mji mzima ulijua amefukuzwa isipokuwa yeye. Mama Ntumba akafika akihema, akamshika mkono, akamweleza. Tukauona uso wake ukivunjika. Akamrudisha stesheni. Kesho yake akaja tena, tukamweleza tena, na uso ukavunjika upya, kwa sababu kwake habari ilikuwa ya kwanza. Tulipoona hivyo tukaacha kumweleza. Walimfukuza mara moja. Sisi tulikuwa tunamfukuza kila asubuhi.

Nikampa blauzi.

Alifanya kazi. Msinitazame hivyo. Kupiga nilipiga mimi, lakini kumweka mgonjwa aliweka yeye, na mikono yake haikuwa imesahau kitu. Vizee waliokuwa wakilia kwangu walitulia kwake. Kaka yangu akaja kunionya: "Weye mutu wa Katanga, juu ya nini unachunga ule mutu? Batatuona namna gani?" Nikamjibu: "Ule mutu njo alinipatia hii kazi inakukulisha weye na batoto yako. Batuone vile banataka." Alikaa muda mrefu bila kuja kwangu kula. Sufuria zangu zilipumzika.

Siku moja wale vijana wakafika hospitali. Kuna mtu alikuwa amesema. Niliwasikia kwenye ukumbi wakiuliza chumba cha radio kiko wapi. Ndani kulikuwa na Tata Mbuyi na bibi mmoja aliyevunjika kiwiko. Nikafunga mlango nyuma yangu, nikawasha taa nyekundu ya juu, ile inayosema mionzi inapita na mtu asiingie, nikasimama mbele yake na mikono kiunoni. Mashine ilikuwa imezimwa. Filamu hatukuwa nayo.

"Fungua, mama," akasema mkubwa wao.

"Fungua weye mwenyewe. Mulango hauna ufunguo. Lakini mionzi ikikuingia mu kiuno, usikuye kunililia hapa kesho, ukisema bibi yako hashike mimba."

Wakatazama ile taa. Wakatazamana. Mmoja akarudi nyuma taratibu akiwa amejifunika mbele kwa kofia yake, na wengine wakagundua kwamba wana shughuli mahali pengine. Nilipoingia ndani, Tata Mbuyi alikuwa ameinama juu ya kiwiko.

"Nani anapiga makelele?"

"Ni bastagiaire, Tata," nikasema, yaani wale wanaojifunza kazi.

"Ubaambie bangoje."

Docteur Kasongo ndiye aliyekuwa akimrudisha stesheni kwa gari lake, mchana, waziwazi, madirisha yamefunguliwa. Alipata vitisho kwa hilo. Hakuacha.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba kule kujua mapema hakukutuletea chochote. Hatukuokoa nyumba. Hatukuokoa kazi. Hata mngempiga picha za mashine zote za dunia, nyumba na kazi vingekwenda vile vile. Habari zilizotufikia kutoka Kasai, kwa mdomo wa wafanyabiashara, zilisema aliishi huko miaka kadhaa na kwamba alikufa kitandani, mke wake akiwa kando. Wengi wa waliopanda treni zile hawakupata hata hilo. Lakini nilipouliza nafsi yangu, kujua kulimsaidia nini, nilirudi kila mara kwenye siku ya kuondoka, ambayo bado sijawaeleza.

Treni ilikuja bila kutangazwa, mabehewa ya mizigo. Watu wakakimbia na mafungu yao. Nilikuwepo, nimeshika sufuria za Mama Ntumba. Watoto wakapanda. Na Tata Mbuyi akakataa.

"Mi siende. Niko na kazi. Bagonjwa banangojea kule."

Mwanawe mkubwa akamvuta mkono, yeye akajitoa kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akaanza kuondoka kuelekea hospitali. Watu walikuwa wakisukumana, watoto wakilia mlangoni mwa behewa, askari wakipiga kelele. Kama treni ingeondoka bila yeye, angebaki Kolwezi peke yake, asijue kwa nini kila mtu anamchukia. Nikamkimbilia, nikaanza kumweleza: Tata, mlifukuzwa, Tata, nyumba ilichukuliwa. Mama Ntumba akanifunika mdomo kwa kiganja.

Akasimama mbele ya mume wake, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya muuguzi mkuu:

"Tata Mbuyi, kuko mugonjwa mule ndani. Haweze kutembea. Eko anakungojea weye."

Akaacha kujitoa. Akalitazama behewa.

"Kifua ao mukono?"

"Kifua."

Akajifunga vifungo vya blauzi, akapanda.

Mama Ntumba akanipokonya sufuria zake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali. "Ni ye mwenyewe alinipatia ile maneno," akaniambia. "Ile siku Docteur alimwambia ugonjwa, tukabakia ye na mi. Alisema: 'Siku nitakukatalia, usibishane na mi. Uniambie kuko mugonjwa. Nitakufuata.'"

Akapanda nyuma yake. Mlango wa behewa ulibaki wazi. Nilimwona Tata Mbuyi akipita kati ya mafungu mpaka kwa mzee mmoja aliyekuwa akikohoa kwenye kona, akipiga magoti, akisugua viganja vyake ili vipate joto, kisha akiviweka mgongoni mwa yule mzee. Akamwambia avute pumzi. Behewa likatikisika. Treni iliondoka akiwa kazini.